Bi Nusu na miaka thelathini na mitatu ya kugawa sauti

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, mbunifu wetu wa krosova, kile kibao kinachogawa sauti ndani ya spika, atazima pasi yake ya kulehemu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Kwenye faili la utumishi ana majina matatu marefu. Huku ndani hakuna anayeyatumia. Hata mlinzi wa getini, mtu wa taratibu kuliko wote, huandika kwenye daftari lake “Bi Nusu” asubuhi baada ya asubuhi, na hakuna mkaguzi aliyewahi kumuuliza ni nani huyo.

Jina lilitokana na kazi. Koili ya krosova ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki, mizunguko mia moja, mia na hamsini, kadiri hesabu inavyotaka. Fundi wa kawaida huzungusha, hupima, hutia gundi, akaendelea na maisha yake. Yeye alisikiliza, akakunja uso, akasema, “Toa nusu.” Nusu mzunguko, kati ya mia na hamsini! Tulicheka. Nusu ikatolewa, tukasikiliza tena, kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Mpaka leo sina hakika kama kweli nilisikia tofauti, au niliona haya kusema sikuisikia.

Ninayeandika haya ni seremala wa makasha. Ofisi imenipa kazi hii kwa maelezo kwamba mimi ndiye niliyegombana naye kwa muda mrefu kuliko wafanyakazi wengine wote, kwa hiyo bila shaka ndiye ninayemjua vizuri. Siwezi kupinga.

Hakuja hapa kama mbunifu. Aliajiriwa kukaa kwenye dirisha la marejesho, lile la upande wa uani, kupokea spika zilizorudishwa na wateja wenye hasira. Wenzake waliomtangulia dirishani waliandika “mbovu” kwenye kadi na kuisukuma ndani. Yeye alinunua daftari. Upande wa kushoto aliandika maneno ya mteja kama yalivyotoka kinywani: inakoroma, inaongea puani, inachoma masikio, kama mtu aliyejifunika blanketi, mwimbaji yuko ndani ya ndoo. Upande wa kulia aliandika kile mafundi walichokikuta baada ya kufungua. Kwa miaka minne alijaza madaftari matatu, na ndipo akaona jambo ambalo sisi wenye bisibisi mikononi hatukuliona. Spika nyingi zilizorudi hazikuwa na kitu kilichoharibika. Zilikuwa nzima kabisa, ila zimegawiwa sauti vibaya.

Kwa ndugu na wageni watakaosoma taarifa hii bila kuwahi kufungua spika, nieleze kidogo. Ndani ya kasha la kawaida mna spika mbili: kubwa ya besi na ndogo tunayoiita twita. Ile kubwa haiwezi sauti nyembamba, na ndogo ukiilisha besi inaungua. Krosova ni kibao kidogo kilichojificha nyuma yao, chenye koili, kapasita na rezista. Hakina betri wala plagi. Kinapokea muziki mzima kutoka kwenye ampu, mashine ya kukuza sauti, na kuugawa: nene huku, nyembamba kule. Ugumu wote uko mpakani, pale ambapo mmoja anamwachia mwenzake. Pakiwa na pengo, sauti ya mwimbaji inafifia katikati ya neno. Pakiwa na msongamano, inapiga kelele. Mpaka ukichorwa vizuri, msikilizaji hajui kama kuna mpaka, na hiyo ndiyo sifa pekee ambayo mbunifu wa krosova anaweza kuitarajia: kwamba hakuna aliyemgundua.

Basi Bi Nusu alichukua madaftari yake akaenda kwa fundi mkuu wa wakati ule, mzee mkali aliyekuwa akibuni krosova zote peke yake, akamwomba amfundishe. Mzee hakuyafungua. “Dada, wewe kaa dirishani,” alimwambia. “Kusikiliza malalamiko ni kazi nyingine. Hii ni hesabu.”

Hakubishana. Alijiandikisha masomo ya jioni ya hesabu, miaka miwili, akiwa na mabinti wawili wadogo nyumbani. Mume wake ni fundi saa. Ndiye aliyemfundisha kulehemu kwa mkono usiotetemeka, juu ya meza ambayo, nasikia, ilikatazwa kuguswa na mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba ile. Vifaa alivitoa kwenye pipa letu la takataka, kwa ruhusa. Kisha siku moja baada ya mapumziko ya mchana akamwomba fundi mkuu asikilize makasha mawili yaliyofanana, yakiwa nyuma ya pazia, moja lenye krosova ya karakana na moja lenye ya kwake. Mzee alisikiliza, akanyoosha kidole bila kusita.

“Hii ndiyo yangu,” akasema. “Haihitaji hata kuuliza.”

Pazia likavutwa. Ilikuwa ya Bi Nusu. Sisi tuliokuwepo tuliangalia viatu vyetu. Mzee akavuta kigoda akakiweka kando ya meza yake. “Kaa,” akasema. “Ila pasi yangu usiiguse.” Miaka mitano baadaye, alipostaafu, aliiacha pasi hiyo mezani pamoja na karatasi yenye neno moja: “Iguse.”

Tangu hapo Bi Nusu amebuni matoleo kumi na tisa ya spika zetu, kuanzia kile kisanduku kidogo cha sebuleni ambacho watu bado wanakiulizia hadi yale makabati ya ukumbi yanayobebwa na watu wanne. Na tangu hapo vita vyetu vilianza. Spika ikisikika vibaya, yeye alisema ni kasha, mimi nilisema ni krosova. Alinirudishia makasha yenye maandishi ya chaki mgongoni, “Linaimba lenyewe,” na mimi nilimrudishia krosova zenye kikaratasi, “Inakohoa.” Kuna kabati moja tulilibishania wiki nzima, kila mtu na vipimo vyake, wafanyakazi wakiwa wamegawanyika kambi mbili, mpaka fundi umeme alipolitikisa na ikadondoka skrubu niliyoisahau ndani. Kwa mwezi mzima kila aliyepita kwenye benchi langu alikuwa anajitikisatikisa. Aliyebuni mchezo huo simtaji, anastaafu Ijumaa.

Lakini jambo ninalotaka likumbukwe ni la miaka kumi na minne iliyopita. Tulipata oda ya hospitali moja kubwa, spika kumi na mbili za kuitia wagonjwa majina kwenye ukumbi wa kungojea. Tulizijaribu hapa, zikapita kila kipimo, tukaenda kuzifunga juu ukutani karibu na dari. Mwezi wa pili ikaja barua: watu hawasikii majina yao. Mkurugenzi wa wakati ule alisema mwenye kosa ni karani anayesoma orodha, anameza maneno. Mimi nilisema ni vigae vya ule ukumbi, sauti inadunda kama mpira. Bi Nusu aliomba siku tatu za likizo yake ya mwaka, akaenda kukaa ukumbini na wagonjwa.

Siku ya pili alikaa jirani na bibi mmoja aliyeshika bahasha ya majibu yake kwa mikono miwili. Bibi alikuwa ametoka kwake alfajiri. Walizungumza habari za wajukuu na magoti. Majina yakaitwa asubuhi yote, na Bi Nusu, ambaye masikio yake yalikuwa yakitusumbua kwa nusu mzunguko, hakuambulia zaidi ya moja kati ya matatu. Kilichoshuka kutoka ukutani kilikuwa vokali tupu, aa, ii, uu, kama mtu anayeongea na mswaki mdomoni. Ilipofika saa tisa ukumbi ulikuwa umebaki na wao wawili na mfagiaji. Karani akaanza kufunga dirisha.

“Mwanangu,” bibi akamwambia karani, “mimi bado sijaitwa.”

Karani akapitisha kidole kwenye orodha. “Bibi, umeitwa mara tatu. Hukuitika, daktari amemaliza.”

“Masikio yangu ni mazima. Ningeitwa ningeitika.”

“Nimekuita mwenyewe, bibi. Njoo kesho.”

Hapo Bi Nusu akasimama. Karani huyo, ambaye baadaye alikuwa rafiki yetu, ndiye aliyetusimulia maneno yake. “Bibi amesema kweli,” alimwambia. “Nimekaa naye tangu asubuhi, sikusikia jina lake hata mara moja. Hizi spika nimezitengeneza mimi. Wewe umeita, yeye amesikiliza, kosa ni langu. Tafadhali mrudishe daktari.” Karani alimtazama, akamtazama bibi, akatoka mbio kwenda kwenye maegesho. Daktari alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Akarudi, akavaa tena koti lake, akamwona bibi. Tuliambiwa baadaye kwamba majibu yale hayakuwa ya kusubiri kesho, na kwamba bibi alilazwa siku ileile na akapona.

Kesho yake Bi Nusu alimwomba fundi wa majengo wa hospitali ngazi. Alipanda mpaka uso wake ukawa sawa na kasha, akamwomba karani asome orodha. Kila jina lilikuwa safi kama maji ya chupa. Akashuka kipago kimoja, kingine, kingine. Kwenye kipago cha nne “s” na “t” zikatoweka. Alipogusa sakafu palikuwa na kelele tupu. Hapo akaelewa. Mpakani spika kubwa na twita zote mbili hutoa sauti ileile kwa wakati mmoja. Ukiwa mbele yao, zinakufikia pamoja na kusaidiana. Ukiwa chini yao, moja inatangulia na nyingine inachelewa, na zinakuwa kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili: nguvu zinatumika, mlango hausogei. Na mpaka alikuwa ameuchora palepale zinapokaa herufi zinazotofautisha jina la mtu na la jirani yake. Sisi karakanani tulisikiliza tumekaa mbele ya kasha. Wagonjwa walikaa chini yake.

Akamwomba fundi wa majengo jambo lililomfanya adhani amechanganyikiwa: afungue skrubu, ageuze kasha juu chini, alifunge tena. Upande mzuri wa sauti, uliokuwa unaelekea darini, sasa ukaelekea kwenye viti. Karani akasoma jina. Mwanamume mmoja aliyekuwa safu ya mwisho, amesinzia, akaruka akasema, “Nipo!”

Niseme ukweli, niliumia. Juu ya kila kasha nilikuwa nimepigilia kibati cha jina la karakana kwa mkono wangu, na vyote kumi na viwili vikaning'inia kichwa chini miguu juu mbele ya umati. Nilimlalamikia. Akaniuliza kama nataka wagonjwa wasome au wasikie.

Kugeuza makasha kulikuwa kiraka tu. Aliporudi kazini aliitisha kikao, akasimama mbele yetu sote na kueleza kosa lake tangu mwanzo hadi mwisho, bila “lakini” hata moja. Kwa siku sita alibuni upya na kulehemu krosova kumi na mbili, akasogeza mpaka mbali na herufi zile na kupanga sauti ziende sawa juu na chini. Kisha akamwomba karani wa mauzo atafute toleo lile limeuzwa wapi kwingine. Yalipatikana maeneo tisa: shule, kituo cha mabasi, vituo vya afya. Alitaka tuwaandikie wote.

“Hao hawajalalamika,” mkurugenzi alisema. Alihofia jina la karakana, na sikumlaumu.

“Hata yule bibi hakulalamika, mzee,” Bi Nusu akamjibu. “Alidhani hajaitwa.”

Mkurugenzi alizungusha kalamu yake mezani mara mbili tatu. Kisha akasaini barua zote tisa. Tangu siku ile hakuna spika inayotoka hapa kabla mmoja wetu hajakaa pale atakapokaa msikilizaji, iwe sakafuni, ngazini au nyuma ya nguzo. Mimi binafsi nimewahi kulala chali kwenye kitanda cha kuazima kwa ajili ya oda ya wodi, na nikapitiwa na usingizi. Ripoti ikaandikwa kwamba spika zinatuliza.

Jambo la pili ni gumu kuliandika, na nimemwomba ruhusa. Miaka sita iliyopita alikuwa akijaribu twita mpya kwa mlio mwembamba. Dada wa kufunga mizigo, aliyekuwa akipita na maboksi, akaziba masikio mlangoni na kulia, “Bi Nusu, utatuua!” Bi Nusu alikuwa anadhani hajawasha mashine.

Alifunga mlango, akajipima mwenyewe mchana kutwa. Kisha akaja kwenye karakana yangu, akakaa juu ya rundo la mbao. “Seremala,” akasema, “twita zimenikimbia.”

Nilidhani wezi wameingia stoo. Nilipoona uso wake ndipo nikaelewa. Umri ulikuwa umemnyang'anya sauti za juu, polepole, bila hodi. Hakuna aliyejua. Vipimo vya mashine vingemficha mpaka siku ya kustaafu, na pengine mimi ningenyamaza. Lakini alikuwa ameshakwenda kupima upya kwa mashine matoleo yake mawili ya karibuni, akagundua amekuwa akiziongezea sauti nyembamba nguvu bila kujua, akizifuata zilikokimbilia.

Wiki ileile aliingia kwa mkurugenzi wetu wa sasa, mama asiyependa maneno mengi. “Nikihamishwa nitaelewa,” alimwambia. “Ila matoleo haya mawili yasitoke mpaka yasikilizwe na mtu mwenye masikio.”

“Kichwa chako kimehama?” mkurugenzi aliuliza.

“Hapana.”

“Basi na wewe huhami. Tafuta masikio.”

Akatupima wote, watu thelathini na mmoja, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi. Masikio yangu, baada ya miaka mingi ya msumeno wa umeme, aliyaeleza kwa maandishi kuwa ni mapambo. Masikio bora kuliko yote yalikuwa ya yule dada wa mizigo, mama wa watoto watatu, aliyekuwa amefunga maboksi kwa miaka tisa bila mtu kumuuliza anasikia nini. Alisitasita. Alisema hesabu zilimshinda shuleni. Bi Nusu alivuta kiti, akamfungulia madaftari yale matatu ya dirishani, akamwambia aanze na maneno ya watu, hesabu zitamkuta njiani. Wamefanya kazi bega kwa bega miaka sita, mmoja akisikia, mwingine akijua la kufanya. Toleo la mwaka huu limetoka na majina yao yote mawili kwenye mchoro, na kuanzia Jumatatu ya tarehe 3 Julai dada huyo ndiye mbunifu wetu wa krosova. Hiyo ndiyo zawadi kubwa tuliyoachiwa, na tunaijua thamani yake.

Tunamshukuru mume wake kwa meza iliyojaa risasi ya kulehemu, na mabinti wake kwa jioni zote walizotukopesha mama yao. Kwa niaba ya wafunga mizigo, mafundi umeme, ofisi, mlinzi na maseremala, tunakushukuru wewe, Bi Nusu, kwa kutufundisha kwamba kukiri kosa ni sehemu ya ufundi, na kwa kutuvumilia tulipokuwa tunajifunza.

Nilimuuliza atafanya nini sasa. Amejiunga na kwaya ya mtaani kwao. Hajawahi kuimba mbele za watu maishani mwake, na mume wake anasema kuna sababu. Yeye hajali. “Nimesikiliza watu miaka thelathini na mitatu,” aliniambia. “Sasa na wao wanisikilize.” Mwalimu wa kwaya amempanga safu ya sauti nzito, ambako masikio yake bado ni mazima. Onyesho la kwanza ni mwezi wa tisa, na karakana nzima imeshaomba viti.

Nenda ukaimbe, dada yetu. Afya iwe yako, nyumba yako iwe na furaha, na tukikosea huku tutakuja kukugongea mlango. Tutakaa pale utakapotuelekeza, na tutakusikia.